Usilaumu P2: Kinachogeuza samaki mtoni kinatoka kwetu sote

Juzi kwa grupu ya WhatsApp ya mtaa wetu, jamaa mmoja alirusha video. Dakika mbili hivi. Msee amesimama kando ya mto, anapiga kelele kwamba madem wa siku hizi wanameza P2 kama peremende, wakienda choo dawa inaingia mtoni, samaki dume wanageuka jike, na sisi wanaume tukila hao samaki tunaisha nguvu. Kufikia jioni grupu ilikuwa imejaa emoji za kucheka. Mmoja akaandika ati ndiyo maana vijana wa Nairobi wamekuwa laini. Msichana mmoja tunayemjua vizuri, anayeuza nguo pale stejini, akatoka kwenye grupu bila kusema kitu.

Nilikaa na hiyo stori kichwani usiku mzima. Sababu ni kwamba nusu yake ni kweli, na hiyo ndiyo inafanya ile nusu nyingine iwe hatari.

Nilisomea mambo ya mazingira kolegini kwa miaka miwili kabla karo haijanishinda. Cheti sina. Lakini daftari zangu bado ziko chini ya kitanda, na mada moja ambayo haijawahi kunitoka akilini ni hii ya homoni kwenye maji. Kwa hivyo hebu tuiongee kama watu wazima, tujue samaki wanageuzwa na nini, na nani anafaa kujibu.

Samaki waliofungiwa kwa kizimba

Stori inaanzia mbali, Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wavuvi wa ndoano walianza kutoa samaki wa ajabu karibu na mitambo ya kusafisha maji taka. Walikuwa samaki wa mto wanaoitwa roach. Ukimpasua, unapata viungo vya dume na vya jike ndani ya mwili mmoja. Kwa Kiswahili kiumbe wa namna hiyo anaitwa huntha.

Wanasayansi, akiwemo John Sumpter wa Chuo Kikuu cha Brunel, wakafanya jaribio rahisi sana. Walichukua samaki aina ya trauti, wakawaweka kwenye vizimba, wakatumbukiza vizimba hivyo mahali ambapo maji yaliyosafishwa hutoka kwa mtambo na kuingia mtoni. Baada ya wiki chache wakapima damu yao.

Kuna protini inaitwa vitelojenini. Hii ni malighafi ya kiini cha yai. Ini la samaki jike huitengeneza akijiandaa kutaga. Dume naye ana maagizo ya kuitengeneza ndani ya chembe zake, lakini yamezimwa, kwa sababu hana mayai ya kulisha. Wale trauti dume wa kizimbani walipatikana na vitelojenini kwa wingi kwenye damu. Kitu ndani ya maji kilikuwa kimewasha swichi isiyofaa kuwashwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1994.

Mwaka wa 1998 ukatoka utafiti mwingine wa mito kadhaa ya Uingereza. Samaki huntha walikuwa wamejaa chini ya mitambo ya maji taka, na kuna sehemu za mito ambapo kila dume aliyepimwa alikuwa ameathirika. Kumbuka, hiyo ni nchi ambayo maji taka yake yanapitia mtambo. Hayamwagwi tu mtoni usiku na lori.

Ufunguo wa kuchonga

Homoni ni mjumbe. Mwili unamtuma kwenye damu, anafika kwa chembe fulani, anaingia kama ufunguo kwenye kufuli, na kazi inaanza: kua, toa mayai, ota ndevu, lala. Kiasi kinachohitajika ni kidogo ajabu.

Shida ni kwamba kufuli hizi si kali vile. Kuna kemikali ambazo hazikutengenezwa ziwe homoni lakini umbo lake linafanana nayo, kama ule ufunguo wa kuchonga kwa fundi wa mtaani unaofungua mlango wa jirani. Nyingine zinaingia kwenye kufuli na kukwama humo, ufunguo halali ukija haupati nafasi. Nyingine zinavuruga kiwanda chenyewe cha kutengeneza homoni mwilini.

Mwaka wa 2013, Shirika la Afya Duniani na lile la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, walitoa ripoti kubwa kuhusu hizi kemikali. Walisema karibu kemikali 800 zinajulikana ama zinashukiwa kuvuruga homoni, na nyingi ya hizo hazijapimwa vya kutosha. Ziko kwa plastiki, kwa sabuni za viwandani, kwa dawa za shambani, kwa rangi, kwa vipodozi. Na UNEP makao yake makuu ni wapi? Gigiri. Hapa hapa Nairobi. Ripoti kuhusu maji ya dunia nzima inatoka kwa jirani yetu, na sisi tunasoma mambo ya maji kwa video ya dakika mbili.

Mbona viumbe vya maji ndivyo vinaumia kwanza? Wewe ukikunywa glasi ya maji, unakunywa na kuenda zako. Samaki anaishi ndani yake. Anayapitisha kwa mashavu kila sekunde, mchana na usiku, tangu akiwa yai. Chura naye ngozi yake inavuta maji moja kwa moja. Hawana pa kuhepa.

Ziwa namba 260

Sasa unaweza kuuliza: sawa, dume ana protini ya yai kwenye damu, so? Anaishi bado.

Hilo swali lilijibiwa Kanada. Katika jimbo la Ontario kuna maziwa madogo mengi yaliyotengwa kwa utafiti, kila moja lina namba yake. Timu iliyoongozwa na mwanasayansi Karen Kidd ilichukua Ziwa 260, na kila msimu wa joto kuanzia 2001 hadi 2003 wakatia humo homoni inayotumika kwenye tembe za kila siku za kupanga uzazi. Ni estrojeni ya kutengenezwa, yenye nguvu kuliko ile ya asili. Walilenga kiasi cha nanogramu 5 hadi 6 kwa kila lita, kiwango ambacho kimewahi kuonekana kwenye maji yanayotoka mitamboni.

Nanogramu ni nini? Nikueleze kwa hesabu ya nyumbani. Kwa miaka mingi Nairobi yote imekuwa ikipata takriban lita milioni 525 za maji kwa siku. Chukua maji yote ya mji huu ya siku mbili: kila bomba, kila tangi, kila mtungi wa kusukumwa na mkokoteni, kuanzia Karen hadi Kayole. Yamwage kwa shimo moja. Sasa tia humo gramu tano, kijiko kimoja cha chai cha sukari, ukoroge. Hiyo ndiyo nanogramu 5 kwa lita.

Kwa kiasi hicho, samaki wadogo wa ziwani wanaoitwa fathead minnow, ambao ndio chakula cha samaki wakubwa, waliacha kuzaana. Dume walianza kuwa na vitelojenini mara maelfu kuliko kawaida, na wengine walipatikana na mayai ndani ya korodani. Kwa kuwa hawa samaki huishi miaka michache tu, kukosa watoto misimu miwili kulitosha. Walikaribia kuisha kabisa ziwani.

Halafu ikaenda juu. Samaki wakubwa wanaowategemea wakapungua, si kwa sababu ya homoni yenyewe, ila kwa njaa. Chini nako, wadudu ambao wale wadogo walikuwa wakila wakaongezeka. Kijiko kimoja cha sukari, na mpangilio wa ziwa zima ukavurugika.

Lakini kuna habari njema humo, na nitairudia baadaye: walipoacha kutia homoni, baada ya miaka michache wale samaki wadogo walirudi.

Mamba na vyura

Si samaki pekee. Huko Florida, Marekani, kuna Ziwa Apopka. Mwaka wa 1980 kampuni moja ya dawa za wadudu jirani na ziwa hilo ilimwaga kemikali, ikiwemo jamii ya DDT. Miaka iliyofuata aligeta wachanga, hao ni binamu wa mamba wetu, wakapungua vibaya sana. Mwanasayansi Lou Guillette alipochunguza waliobaki, alikuta dume wadogo wenye testosteroni chini kwa karibu asilimia 70, na uume mdogo kwa takriban robo ukilinganisha na wa ziwa lingine. Ukilitazama ziwa kwa macho, maji yalikuwa yameshatulia. Tatizo lilikuwa limehamia ndani ya mayai.

DDT hata sisi tuliitumia. Kenya iliipiga marufuku mashambani mwaka wa 1986. Ni kemikali sugu, inakaa kwenye udongo na mafuta ya wanyama miaka mingi baada ya mwenye shamba kusahau aliinyunyiza.

Chura ana stori yake, na inahusu Afrika. Kuna chura wa Afrika mwenye kucha miguuni, anaishi majini maisha yake yote. Wale wa Afrika Kusini ndio maarufu, na jamaa zao wa karibu wako hata hapa Kenya. Miaka ya 1930, mwanasayansi Lancelot Hogben akiwa Cape Town aligundua kwamba ukimdunga chura huyu jike homoni fulani, anataga. Kutoka hapo ikaja njia ya kupima mimba. Mama anatoa mkojo, chura anadungwa, na akitaga kabla siku kuisha, hongera. Kwa miongo kadhaa hospitali za Ulaya na Marekani zilitegemea chura kutoka Afrika. Yaani tangu zamani tunajua kwamba kinachotoka kwa mwili wa binadamu kinaweza kuamuru mwili wa chura.

Miaka mingi baadaye, Tyrone Hayes wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akamchukua chura huyo huyo na kumlea kwenye maji yenye atrazini. Hii ni dawa ya kuua magugu kwenye mahindi na miwa. Mwaka wa 2010 timu yake iliripoti kwamba kati ya vyura dume 40, wengi walipoteza uwezo wa kuzalisha, na mmoja kati ya kila kumi aligeuka jike kabisa, akapandana na dume na kutaga mayai.

Kampuni inayotengeneza atrazini, Syngenta, ilimpinga vikali, na shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira likasema tafiti nyingine hazikuonyesha madhara hayo kwa vyura. Ubishi haujaisha. Lakini Umoja wa Ulaya haukungoja uishe. Uliiondoa sokoni miaka ya mwanzo ya 2000 kwa sababu ilikuwa inaonekana sana kwenye maji ya chini ya ardhi. Hapa kwetu, mwaka wa 2019 mbunge Gladys Boss Shollei alipeleka ombi bungeni akitaka dawa hatari za shambani ziondolewe. Hoja yake kubwa ilikuwa rahisi: mbona dawa zilizokatazwa huko zinakotoka zinauzwa huku?

Kwa upande wa mitandao ya Marekani, stori ya Hayes iligeuzwa kuwa mzaha ati kemikali zinafanya vyura kuwa mashoga. Hiyo ndiyo babu ya ile video ya grupu yetu. Chura wa Hayes hakubadilisha anayempenda. Mwili wake ulivunjwa na kujengwa upya na kemikali, bila kuulizwa. Na usichanganye hii na binadamu wenzetu huntha. Hao wamezaliwa hivyo tangu dunia iwe dunia, na sensa yetu ya 2019 iliwahesabu, 1,524. Si takataka za kiwanda.

Haya, P2 iko wapi hapa?

Turudi kwa video.

Kwanza, P2 haina estrojeni. Sifuri. Ndani yake kuna homoni inaitwa levonojestreli, ambayo ni familia nyingine. Ile estrojeni ya Ziwa 260 iko kwa tembe za kila siku, zile za pakiti ya mwezi. Kwa hivyo yule msee wa video hata dawa aliyoitaja siyo. Kuwa mkweli, levonojestreli nayo maabarani imeonyesha kupunguza mayai ya samaki wadogo, so siwezi kuiita maji ya baraka. Lakini kama unataka kulaumu mtu, angalau jua unalaumu nini.

Pili, estrojeni ya asili inatoka kwa kila mtu. Wanawake wanaitoa, wajawazito wanaitoa kwa wingi zaidi, na sisi wanaume pia tunaitoa. Ng'ombe nao wanaitoa, na ng'ombe hamezi tembe. Mwaka wa 2011 watafiti wa California walipitia tafiti zilizokuwepo kuhusu jambo hili, wakasema tembe za uzazi ni sehemu ndogo tu ya estrojeni yote inayofika majini. Ni kweli ile ya tembe ina nguvu zaidi na inachelewa kuoza, ndiyo maana inafuatiliwa. Lakini ukiondoa tembe zote duniani kesho asubuhi, mkojo wa watu na mifugo bado uko, plastiki bado iko, sabuni za viwanda bado ziko, dawa za shamba bado ziko.

Tatu, samaki huntha hakuambukizi chochote ukimla. Samaki wa maji machafu ana hatari zake: metali nzito, vijidudu, na zile kemikali za kukaa kwa mafuta. Hizo ndizo za kuogopa.

Sasa angalia mchezo ulivyochezwa. Kuna kiwanda, kuna muuzaji wa dawa za shamba, kuna kaunti, kuna serikali kuu, kuna lori la maji taka linalomwaga usiku. Katika hao wote, aliyepatikana na hatia ni dem wa miaka ishirini na mbili aliyeenda kemisti kwa aibu, akanong'ona kwenye dirisha. Mwenye nguvu kidogo ndiye amebebeshwa mzigo wote. Hivi ndivyo wakubwa wanahepa: sisi tukicheka kwenye grupu, hakuna anayewauliza kitu.

Mto msafi kwa macho

Niko na rafiki yangu anafanya vibarua vya kusafisha mto chini ya ule mpango wa serikali wa ClimateWorX unaoajiri vijana. Asubuhi gamboti, koleo, jua kali. Anatoa mifuko, nepi, godoro, viatu. Na naona tofauti, siongopi. Sehemu alizopita unaona maji yakitembea. Tangu marehemu John Michuki akiwa Waziri wa Mazingira aliposukuma usafi wa Mto Nairobi mwaka wa 2008, tunajua kwamba mtu akiamua, mto unaweza kubadilika sura.

Lakini sura ndiyo tunapima. Mpaka leo mto kwetu ni msafi ukiwa hauna karatasi na haunuki. Na vile vitu tulivyoongea hapa havina rangi, havina harufu, na kijiko kimoja kinatosha kuharibu ziwa. Koleo la rafiki yangu haliwezi kuvichota.

Fuata maji yenyewe. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu. Unapita katikati ya mji, Gikomba, Korogocho, kando ya jaa la Dandora, halafu Ruai, ambako kuna yale madimbwi makubwa ya kusafisha maji taka. Unaingia Mto Athi, unaruka Fourteen Falls, unashuka Ukambani, unapita Tsavo ukiitwa Galana, kisha Sabaki, na unamwagika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Tukiflashi hapa, mtu wa Malindi yumo kwenye mstari.

Na kumbuka sehemu kubwa ya Nairobi haijaunganishwa hata na bomba la maji taka. Watafiti wa Kenya wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walipima maji ya bonde la Mto Nairobi miaka ya 2010, wakapata mabaki ya antibiotiki, dawa za maumivu na hata ARV. Hizo si homoni. Lakini zinakuonyesha njia iko wazi: tunachomeza kinafika mtoni. Kama ARV inapita, homoni itazuiwa na nani?

Na kuna watu wanasubiri hayo maji mbele. Bwawa la Thwake, kule Makueni, linajengwa kwenye huo huo Athi ili watu wapate maji ya nyumbani na ya mashamba. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za serikali ilishaonya kwamba uchafu unaotoka juu unaweza kufanya maji yake yasifae kwa binadamu. Yaani mabilioni yanajengewa ukuta wa kuzuia maji, na swali la ndani ya maji kuna nini limeachwa nyuma.

Hapo ndipo samaki na chura wanakuwa muhimu kwetu sote, hata kama hupendi samaki. Wao wako kwa hayo maji saa ishirini na nne. Wakianza kukosa watoto, wanatupa taarifa mapema, bure. Halafu kumbuka kazi zao: viluwiluwi vya mbu vinaliwa na nani? Kambare na ngege vinavuliwa na kina nani, na karo ya nani inalipwa hapo?

Dawa iko, swali ni bili

Nilisema nitarudi kwa habari njema. Iko hivi: tofauti na mambo mengi ya mazingira, hii inaweza kurudishwa nyuma haraka. Samaki wa Ziwa 260 walirudi. Huko Boulder, Colorado, mji uliboresha mtambo wake wa maji taka mnamo 2008, ukahamia njia ambayo bakteria wanapewa hewa na muda wa kutosha kula uchafu. Watafiti waliporudi kupima samaki, kugeuka kwa dume kulikuwa kumepungua sana. Hiyo haikuwa teknolojia ya anga za juu. Ni mtambo wa kawaida unaofanya kazi vizuri.

Uswisi walienda mbali zaidi. Sheria yao iliyoanza kutumika 2016 inataka takriban mitambo mia moja iongezewe hatua ya mwisho, ama gesi ya ozoni ama makaa maalum yanayonasa kemikali. Na mwaka wa 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria inayosema watengenezaji wa dawa na vipodozi walipe angalau asilimia 80 ya gharama ya hiyo hatua ya mwisho. Anayepata faida kwa kuuza ndiye anayelipia kusafisha.

Soma hiyo tena. Hawakumwambia msichana wa kemisti alipe. Walienda kwa mwenye kiwanda.

Sasa mimi sisemi Kenya ijenge mitambo ya Uswisi kesho. Hata choo hatujamalizana nacho. Lakini kuna mambo matatu ambayo hayahitaji utajiri wa Ulaya.

La kwanza, kupima. Vipimo vya kawaida vya maji taka viliundwa kuangalia hewa ndani ya maji, vijidudu, metali na chumvi. Homoni hazimo. Tukiwa na vyuo vyenye maabara na vijana waliosoma wakikaa nyumbani, kuweka samaki kwenye kizimba chini ya Ruai na kupima damu yao si kazi ya kushinda taifa. Waingereza walifanya hivyo miaka ya themanini na vizimba vya wavu.

La pili, kuunganisha mabomba na kuhakikisha mitambo tuliyonayo inafanya kazi kila siku. Boulder wametuonyesha kwamba usafishaji wa kawaida, ukifanywa vizuri, tayari unapunguza sehemu kubwa ya tatizo.

La tatu, sheria ya anayechafua alipe itoke kwa karatasi. Kifungu cha 42 cha Katiba kinatupa haki ya mazingira safi, na cha 43 kinatupa haki ya maji safi na salama. NEMA ipo. Kaunti ziko na vikao vya kutoa maoni ya umma kabla bajeti kupitishwa, vile ambavyo sisi vijana tunaviacha kwa wazee halafu tunalia kwa mtandao.

Yako na yangu

Ukitaka ya kufanya leo, ni haya. Dawa zilizoisha muda usizitupe chooni wala kwa sinki. Uliza duka la dawa ama hospitali ya karibu kama wanazipokea. Kama mzazi ana shamba ushago, mwambie mikebe ya dawa ya magugu isioshwe mtoni. Na usiache kutumia njia yako ya uzazi kwa sababu ya video ya mtu asiyejua ndani ya P2 kuna nini. Hayo ni kati yako na daktari.

Mimi niliandika kwa ile grupu siku iliyofuata. Niliandika kwa ufupi: P2 haina estrojeni, na sisi wanaume pia tunakojoa homoni. Kelele zikawa nyingi kidogo, mmoja akaniita profesa wa bila cheti. Sawa tu. Halafu nikamtext yule dem wa stejini nikamwambia grupu imetulia, anaweza kurudi. Alijibu baada ya saa moja: "Wakishaanza kuuliza kiwanda, niite."